Ua la mvua: linaita au linaitikia?

Mwaka huu limetoka siku ya Jumanne. Nilikuwa nafagia uani chini ya mwembe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Dar likiwa bado halijapata nguvu, mara ufagio wa chelewa ukagota kwenye kitu. Nikainama. Ncha nyekundu yenye weusi kwa mbali, nene kama kidole gumba, ilikuwa imechomoza udongoni ikiwa na jani kavu la mwembe kichwani, kama mama aliyejitwisha ungo. Nikauweka ufagio chini, nikaingia ndani kuchukua daftari.

Tuko katikati ya Oktoba na mvua haijanyesha. Juzi usiku yalipita manyunyu ya kuchafua vioo vya magari, basi. Nilichomeka kidole udongoni pembeni ya ile ncha: mkavu mpaka kidole kilipoishia. Lenyewe limetoka hivyo hivyo.

Kama umekulia Pwani umeshaliona, hata kama hukuwahi kuuliza jina. Ni lile ua linalosimama peke yake chini ya miti, bila jani, au majani yakiwa ndiyo kwanza yanachungulia. Bua tupu lenye madoadoa ya zambarau, na juu yake mpira mwekundu wa duara kabisa. Watoto hulipiga teke. Wakubwa hulipiga picha. Baada ya wiki moja na nusu hivi limenywea, majani yanashika nafasi, na watu wanalisahau mpaka mwaka mwingine. Kwa wataalamu wa mimea ni Scadoxus multiflorus, wa ukoo mmoja na kitunguu maji na kitunguu saumu, na kweli ukilifukua chini utakuta kitunguu. Nyumbani kwetu ni ua la mvua, jina tuliloachiwa na bibi.

Uzuri wake kila mwenye macho anauona. Ninachotaka kuandika ni siku yake ya kutoka, kwa sababu siku hiyo nimeibishania zaidi ya nusu ya maisha yangu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na shamba Kisarawe, si mbali na Minaki, upande ambao enzi hizo vichaka vya msitu vilikuwa vinashuka mpaka kwenye mihogo. Niliishi naye tangu darasa la tatu hadi la saba. Hakuwa na kalenda ukutani. Redio alikuwa nayo, na utabiri wa hali ya hewa aliusikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni. Lakini kibuyu cha mbegu za kunde hakukifungua kwa sababu ya redio. Alikifungua siku ua la mvua lilipotoka chini ya mkongo uliokuwa nyuma ya jiko. Siku hiyo alizimwaga mbegu kwenye ungo, akazipepeta majivu yaliyokuwa yamezilinda, akatenga zilizotobolewa na wadudu, na akasema: “Mke mwenzangu, kesho tunaamkia shambani.”

Watu wengine wanakwambia dalili ya mvua ni mawingu. Bibi alikuwa na nyongeza yake: mawingu huongopa. Alishayaona mengi yakijikusanya juu ya Pugu, meusi, yenye ngurumo, kisha yakaenda kunyesha baharini. Ua hakupata kulishika na uongo. “Linaita mvua,” alisema. Hakusema linaashiria, wala linatabiri. Linaita, kama mtu anavyomwita jirani wa ng'ambo ya bonde.

Nilipofika kidato cha pili nikaanza kubishana naye. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba mmea unapokea: unapokea maji, mwanga, joto. Sikuwa nimefundishwa mmea wowote unaotuma ujumbe angani. Nikamwambia, “Bibi, ua haliwezi kuita mvua. Mvua ikinyesha maji yanazama, kitunguu kinaamka, ndiyo linatoka. Linaitikia.” Alikuwa anamenya mihogo. Akainua uso, akaizungusha macho mbingu nzima, taratibu, upande hata upande, kisha akanirudia mimi.

“Hiyo mvua inayoitikiwa iko wapi, mke mwenzangu?”

Mbingu ilikuwa nyeupe kwa ukavu. Nikachukua kisu cha pili nikamsaidia kumenya.

Dada yangu anaishi Uingereza. Kila Aprili hunitumia picha za msitu wenye sakafu ya buluu, maua madogo yanayoning'inia kama kengele, maelfu kwa maelfu chini ya miti ambayo ndiyo kwanza inachipua. Ameniambia siri yake: miti ya kule hupukutisha majani msimu wa baridi, na maua ya chini hukimbilia kuchanua siku zikianza kupata joto, kabla majani mapya hayajafunga dari na kuwanyima jua. Yakishawahi mwanga yanaweka akiba kwenye vitunguu vyao, kisha yanalala.

Nilipolisikia hilo nikamkumbuka mkongo wa nyuma ya jiko. Mkongo nao hupukutika wakati wa kiangazi. Miti mingi ya misitu yetu ya Pwani hufanya hivyo, mingine yote, mingine nusu, kwa kuogopa ukavu badala ya baridi. Ukiingia msituni Septemba au Oktoba mapema unakuta jua limefika mahali ambapo Mei halifiki kabisa. Ua la mvua linatoka wakati huo. Kwa hiyo kazi ni moja na ya kule. Tofauti ni nani anabisha hodi. Kule ni joto linalorudi na mchana unaorefuka. Dar mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni havipishani hata saa moja, na baridi yetu ya kipupwe ni ya kujifunika shuka tu. Anayeamsha ardhi huku ni maji. Ndivyo nilivyoamini kwa muda mrefu.

Wazee wa Pwani walilijua tatizo la tarehe kabla yetu. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, na ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani inazunguka majira yote. Huwezi kupanda mpunga kwa kufuata mwezi wa Rajabu. Ndiyo maana wakulima na mabaharia wa mwambao waliweka hesabu nyingine ya jua pembeni: mwaka unaoanza Nairuzi, ule ambao Makunduchi bado wanausherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa, na siku zake zikahesabiwa kwa miongo, kumi kumi. Muongo fulani ni wa kufyeka, fulani wa kungoja tanga mbili, pale kusi inapochoka na kaskazi haijashika, upepo hauna mwenyewe. Ni hesabu nzuri sana, na inanisikitisha kwamba watu wa rika langu wanaoijua ni wachache mno.

Lakini muongo unakwambia vuli inapaswa kuja lini. Ua linakwambia kuhusu mwaka huu. Bibi alikuwa akivitumia vyote viwili, na vilipogombana alifuata ua.

Daftari nililianza mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Nilikuwa nimesoma habari za Robert Marsham, Mwingereza mmoja wa Norfolk aliyeanza mwaka 1736 kuandika siku maua ya kwanza yanapotoka, siku mbayuwayu wanapofika, siku vyura wanapoanza kulia. Familia yake ikaendelea kuandika mpaka mwaka 1958. Nikasoma pia kuhusu Kyoto, Japani, ambako siku ya kuchanua kwa miti ya micheri imeandikwa na watu wa kila namna tangu karne ya tisa, na ndiyo maana mwaka 2021, kilele kilipofika Machi 26, waliweza kusema kwa uhakika kwamba haijawahi kuwa mapema hivyo katika miaka 1,200. Nikafikiri: bibi alikuwa na miaka sitini ya kumbukumbu kama hizo na zote zimezikwa naye. Sikuwahi kumuuliza lililotoka mapema kuliko yote lilikuwa la mwaka gani. Nilikuwa nabishana tu.

Kurasa za daftari langu ni chache. Mwaka 2019 ua lilitoka mwanzoni mwa Oktoba, na vuli ile wengi wanaikumbuka, mvua ilivyomwagika Oktoba ile ile na kuendelea mpaka mwaka mpya. Mwaka 2023 lilitoka siku chache kabla ya mvua za El Niño kukolea. Mawili kati ya maua yangu yalipigwa na matone mazito kabla hayajamaliza kufunguka, nyuzi zikagandana kama nywele zilizolowa.

Na kuna mwaka 2022. Hapo nimeandika kwa kalamu nyekundu. Lilitoka Oktoba, kwa wakati. Likachanua, likanywea, likakauka. Mvua ya maana haikuja. Mto Ruvu ulikuwa umepungua, jiji likaingia kwenye mgao wa maji, na kina mama wa mtaa wetu wa Kinyerezi walikuwa wanapanga madumu tangu saa tisa usiku. Nilikuwa nikipita na ndoo pembeni ya lile bua lililokauka na kumsemesha bibi kimoyomoyo: liliita, hakuna aliyeitikia. Kama angekuwa hai, kunde zake za mwaka ule zingeungua ardhini. Sitaki kulipamba ua hili kwa sifa ambazo halina. Linakosea. Linakosea mara chache kuliko mawingu.

Nimelihesabu mara moja kwa karibu, na nataka uone nilichokiona.

Ilikuwa Pugu, njia ya miguu ndani ya msitu wa hifadhi. Kwa asiyejua: ukitoka Gongo la Mboto kwa daladala ya Kisarawe, ukapita Pugu Kajiungeni, msitu uko hapo hapo, mkono wa serikali ukiwa umeuunganisha na Kazimzumbwi kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia. Ni mabaki ya misitu ya Pwani iliyokuwa imeshikana, na ina mimea ambayo haipatikani nchi nyingine. Jiji linausogelea kila mwaka. Mkaa umeula sana pembezoni. Wengi wetu tunaijua Pugu kwa sababu Mwalimu Nyerere alifundisha pale kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 aingie kwenye siasa moja kwa moja. Ningependa tuijue pia kwa kilicho chini ya miti yake.

Kulikuwa na bua limevunjika, pengine tumbili au pengine mguu wa mtu, ua likiwa bado bichi. Nikakaa juu ya mzizi, nikaliweka mapajani. Kwa mbali ni mpira mmoja. Karibu, hakuna mpira: kuna vijiua vingi, kila kimoja na kikonyo chake, vyote vimetoka kwenye kitovu kimoja juu ya bua na kutawanyika kila upande kama mbavu za mwavuli uliopinduliwa ukawa duara. Kila kijiua kina petali sita nyembamba kama uzi, ambazo hazionekani kuwa petali mpaka uzitenganishe kwa kucha. Kila kimoja kina nyuzi sita nyekundu, ndefu kuliko petali, na kwenye ncha ya kila uzi kuna chembe ya manjano, ndogo kuliko punje ya ulezi. Hiyo manjano ndiyo inayolifanya ua lionekane lina ukungu wa dhahabu ukilitazama dhidi ya jua. Nilihesabu vijiua 112. Mara sita, ni nyuzi 672, kila moja na unga wake. Maua makubwa yanafikisha vijiua 200. Nilipoinuka vidole vyangu vilikuwa vya manjano, na kipepeo mkubwa mweusi alikuwa ameshatua mara mbili kwenye ua la jirani, akining'inia na kupiga mabawa bila kukaa, mabawa yakigusa zile ncha zote kwa wakati mmoja. Nikaelewa kwa nini nyuzi ni ndefu vile.

Jina lake la kwanza la kitaalamu lilitolewa mwaka 1795 na Thomas Martyn, aliyeliweka kwenye kundi la Haemanthus. Mwaka 1838 Rafinesque akaunda kundi la Scadoxus na kuliweka ua hili humo, kundi likaja kupuuzwa, mpaka mwaka 1976 Friis na Nordal walipolirudisha. Neno lenyewe limetokana na Kigiriki, mwavuli na utukufu. Mwavuli wa utukufu. Sikutegemea wataalamu wakaribie hivyo jina la bibi.

Ua hili ni letu, nina maana ya Afrika. Liko kuanzia Senegal mpaka Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini, na limevuka hadi Yemen. Lakini watu walilipenda wakalisafirisha, na huko lilikokwenda ndiko nilikopata ushahidi ulionisumbua kuliko wote. Bengali wanaliita ua la Mei. Java wanaliita bunga Desember, ua la Desemba. Kitunguu kile kile, kutoka bara lile lile! Bengali mvua za kwanza na ngurumo huja Aprili na Mei, baada ya miezi ya ukavu. Java mvua hushika Novemba na Desemba. Kila waliolipokea wakaliangalia, wakaona linakuja mwezi fulani, wakalibandika jina la mwezi. Ni sawa na sisi tulivyoufanyia mkrismasi, mti wa Madagaska, unaowasha barabara zetu Desemba nzima. Lakini ua lenyewe halina habari na Mei wala Desemba. Limebeba saa isiyo na miezi.

Kwa hiyo mimi nilishinda, si ndiyo? Linafuata mvua popote liendapo. Linaitikia.

Nilidhani hivyo mpaka mwaka 2021.

Mwaka huo tuliweka pevingi uani. Nilikuwa na vitunguu sita vya ua la mvua karibu na ukuta, vyote uzao wa vile vya bibi; nilimpeleka fundi, nikamwonyesha kimoja kimoja, nikachomeka vijiti, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Nilirudi kutoka kazini saa moja jioni, vijiti vimelala kwenye lundo la kifusi nje ya geti, na mchanga umeshashindiliwa. Sikulia mbele yake. Nilichukua tochi ya simu nikapekua kifusi mpaka saa tatu, mama wa nyumba ya pili akaja na tochi yake bila kuuliza ninatafuta nini. Tulipata vitatu. Kimoja kilikuwa kimekatwa na sepetu.

Ilikuwa Agosti, vimelala, havina jani. Nikaviweka kwenye kiroba, nikakitundika kwenye msumari stoo, nikijua nitavipanda wikiendi. Ikaja safari, ukaja msiba, nikasahau. Katikati ya Oktoba niliingia stoo kutafuta jembe. Mdomo wa kiroba ulikuwa umefunguka, na ua lilikuwa limetoka humo. Jembamba, rangi imepauka kuwa ya waridi, bua limepinda lote kuelekea kidirisha. Limechanua. Ndani ya stoo, chini ya bati, bila udongo, bila tone la maji kwa miezi miwili.

Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa na kulitazama. Hoja yangu ya kidato cha pili ilikuwa imekufa mbele yangu.

Tangu siku hiyo nimesoma nilichoweza, na ninavyoelewa sasa ni hivi. Ua la mwaka huu halitengenezwi mwaka huu. Mmea ukiwa na majani, wakati wa mvua zilizopita, unajaza kitunguu chakula, na ua changa linaundwa humo ndani, dogo sana, likangoja. Kisha majani yanakufa na kitunguu kinalala kiangazi chote. Kulala huko ni sehemu ya kazi. Ukikinyeshea maji mwaka mzima kitakupa majani na kukunyima ua. Kikishalala vya kutosha, joto linaloongezeka baada ya kipupwe linaanza kukiamsha. Bati la stoo yangu lilikuwa na joto la kutosha na zaidi. Mvua haianzishi. Mvua ikija inakuta safari imeshaanza, ikaiharakisha, na ndiyo maana siku chache baada ya mvua ya kwanza yanatoka mengine kwa fujo na mtu anaapa kwamba ni mvua iliyoyaleta.

Na joto lile linatoka wapi? Jua la utosi hupita juu ya Dar karibu na Oktoba 10 au 11, likielekea kusini. Mchana wa siku hizo simama uani saa sita na robo uone kivuli chako kimekuingia miguuni. Ukanda wa mvua unalifuata jua hilo hilo, upepo unageuka kutoka kusi, unyevu wa bahari unapanda, vuli inakuja. Ua na mvua havifuatani. Vyote vimeitwa na mmoja, na ua, kwa kuwa liko karibu na limebeba kila kitu tayari, linafika kwanza. Ningetoa kitu kikubwa kumpelekea bibi jibu hilo jikoni kwake. Najua angelisikiliza lote, kisha angesema, sasa mimi na wewe tumebishania nini.

Kwa mnaotaka kulipanda, maana kila nikiweka picha naulizwa: lipandeni chini ya mti, mahali penye kivuli cha mchana, udongo wa kichanga uliochanganywa mboji. Shingo ya kitunguu iwe sawa na uso wa ardhi, isizame. Majani yakianza kuwa njano, kwangu ni Juni, acheni kumwagilia kabisa na msiyakate, yajifie. Msikifukue kila mwaka. Hakipendi kusumbuliwa mizizi. Baada ya ua huja matunda mekundu ya duara. Yakiiva, toeni nyama, pandeni mbegu zikiwa mbichi, maana zikikauka zimekufa. Mtasubiri miaka mitatu, minne, hata mitano kuona ua la kwanza. Wauza miche wa barabarani wanayo kwenye viriba, muulizeni muuzaji kama ameyazalisha mwenyewe. Ya Pugu yaacheni Pugu. Kufukua mimea ndani ya hifadhi ni kosa kisheria, na hata lisingekuwa kosa, msitu ule umeshachukuliwa vya kutosha.

Jambo moja la kuzingatia sana: lina sumu. Kitunguu hasa, lakini mmea wote. Kina alkaloidi za ukoo wake, likorini ikiwemo, na sehemu mbalimbali za Afrika watu wamelitumia kwa sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Bibi hakuruhusu mbuzi wafungwe upande wa ule mkongo. Mwenye mtoto anayetambaa apande nyuma ya uzio, na vile vitunguu visiwekwe kamwe karibu na jiko, vinafanana mno na vya kula.

Mkongo wa bibi haupo tena, uliuzwa ukawa milango. Lakini chini pale ulipokuwa vitunguu vimebaki, na shangazi yangu anayelima shamba lile sasa hakuwahi kuvifukua. Yeye mbegu zake huziweka kwenye chupa za maji za plastiki, na utabiri anausoma kwenye simu. Jumanne hiyo, baada ya kuandika, nilimpigia.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Limetoka?”

“Limetoka asubuhi hii. Hapo je?”

Nikamsikia akitembea, kandambili zikipiga visigino, kuku wakimpisha njia. Akasimama. Akakaa kimya, nadhani ameinama.

“Hapa bado. Udongo wenu wa huko unawahi kupata joto. Hebu subiri.” Akachakurachakura kitu. “Ee! Kuna moja limepasua udongo. Halijatoa kichwa, ila limepasua.”

“Utafungua chupa?”

“Nitaifungua kesho kutwa. Niache kwanza nifagie hapa nilione vizuri.”

Nikaongeza mstari mmoja kwenye daftari chini ya ule wa asubuhi: Kisarawe, udongo umepasuka. Pembeni, kwenye safu ya mvua, nikaandika: bado.